Pezi Kubwa Haliishiki Sponsoni Chini

Nimeletewa tena picha ya haidroplani ya redio, yaani boti ndogo ya mbio inayoongozwa kwa rimoti, ambayo sponsoni yake ya kulia (sehemu iliyochomoza ubavuni ambayo boti huegemea juu ya maji) huinuka kila inapoingia kona, ikiambatana na swali lililokwisha kujijibu kuhusu pezi, lile bati linaloingia majini kutoka kwenye sponsoni: nifunge pezi kubwa kiasi gani? Jibu langu ni kwamba usifunge pezi kubwa zaidi. Imani kwamba pezi la kona ni nanga, na kwamba nanga ikiwa nzito boti hutulia, imekwisha kunichosha, na naomba kuijibu hapa kwa hesabu badala ya kuendelea kumjibu mtu mmoja mmoja.

Katika mashindano ya boti za mfano huko Amerika ya Kaskazini, boti huzunguka maboya kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, hivyo kona zote ni za kulia na pezi hukaa kwenye sponsoni ya kulia. Haidroplani kubwa zinazoendeshwa na watu, zile za mashindano ya Seattle huko Marekani, hukata kona kushoto na pezi lao liko kushoto. Anayenakili mpindo wa pezi kutoka kwenye picha ya boti kubwa hana budi kuugeuza kama kwenye kioo, kwani usipogeuzwa pezi litafanya kazi kwa bidii zote, ila kinyume na unavyotaka.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Boti ya kilo 6 inayopita kona yenye nusukipenyo cha mita 15 kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde inahitaji kani ya nyutoni 160 hivi ya kuivuta ndani, yaani mara 2.7 ya uzito wake. Usukani huianzisha kona, lakini pezi ndilo linaloibeba. Boti inateleza kushoto, maji yanaukandamiza uso wa kushoto wa pezi, na pezi linasukumwa kulia. Hadi hapo hakuna ubishi. Kinachosahaulika ni kwamba kani hiyo inaingia chini, ndani ya maji, ilhali kitovu cha uzito kiko juu, kwa hiyo inataka kuilaza boti upande wa kushoto na kuinua sponsoni ya kulia. Ukifunga pezi refu zaidi, kani ileile itaingia chini zaidi, mkono wa wenzo utarefuka, na sponsoni itainuka kuliko ilivyokuwa jana. Umenunua pezi, umeongeza mburuto, na umeukuza ugonjwa uleule uliokusudia kuutibu.

Dawa imo katika mwinamo. Ukiliinamisha pezi ili ncha yake ya chini iingie upande wa tumbo la boti, uso wake wa kushoto utatazama juu kidogo, na maji yatausukuma kulia na chini kwa pamoja. Mwinamo wa digrii 5 hupunguza mshiko wa pembeni kwa chini ya nusu ya asilimia moja, lakini karibu asilimia 9 ya kani yote hugeuka kuwa ya kuishika sponsoni chini. Kwa digrii 15 unapoteza asilimia 3 na ushei na kupata asilimia 26. Hata hivyo watu hutumia majuma wakibishana juu ya unene wa bati!

Kiasi kinachotosha unaweza kukikadiria ukisimama nyuma ya boti na kuchora mstari kutoka katikati ya sehemu ya pezi iliyozama hadi kwenye kitovu cha uzito. Pezi likiwa limesimama pembe mraba na mstari huo, kani inapita katika kitovu na haina wenzo wa kuinua chochote. Ikiwa kitovu kiko sentimita 10 juu ya sehemu hiyo, na pezi liko sentimita 22 kulia kwa mstari wa kati, mwinamo unaotakiwa ni digrii 24 hivi. Ndiyo maana kuna mapezi yaliyopinda: sehemu ya juu inakaribia wima, na ya chini, inayofanya kazi kubwa, inalala zaidi. Mpindo huo si pambo. Wala usizikimbilie digrii 24 zote, kwa sababu sponsoni ya kushoto nayo inakandamizwa na maji na kubeba sehemu ya mzigo, na ukizidisha, sponsoni ya kulia itazama na boti itajipinda ghafla kuelekea boya. Mimi huanza na digrii 8 hadi 10 kwa wastani wa sehemu inayozama, kisha naongeza kidogo kidogo. Pezi langu limefungwa upande wa kulia wa kishikizi kwa boliti mbili, moja juu ya nyingine, zilizoachana kwa milimita 20. Washa (kipete bapa cha boliti) yenye unene wa nusu milimita ikiwekwa kwenye boliti ya juu, kati ya pezi na kishikizi, huongeza digrii 1.4.

Mahali pa pezi kwa urefu wa boti pasikuumize kichwa. Likiwa mbele mno ya kitovu cha uzito, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, itateleza nje, na likiwa nyuma mno, boti itakataa kugeuka. Basi.

Uelekeo wake, kinyume chake, unastahili subira. Pezi lililoinama lakini sambamba na mwendo halifanyi lolote kwenye mnyoofu, yaani sehemu ya njia isiyo na kona, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ukingo wa mbele ukigeukia kushoto hata kwa digrii 1, maji yanapiga uso wa kulia, na mwinamo uliokuwa ukiishika sponsoni sasa unaiinua ukiwa katika mwendo wa juu kabisa. Boti ikiruka hapo, mwenyewe huilaumu propela. Bana rula ya sentimita 50 kwenye pezi kisha linganisha ncha zake mbili na mstari wa kati, maana kosa la digrii 1 litaonekana kama tofauti ya milimita 9 hivi. Pezi lililopinda lina jambo la ziada: ukilizungusha ili ukingo wa mbele ushuke, sehemu iliyolala inakandamiza boti hata kwenye mnyoofu, na ukiuinua, inainua.

Kuhusu kunoa, mimi hupiga tupa uso wa kulia na kuuacha wa kushoto ukiwa bapa, kwa hoja kwamba uso unaobeba shinikizo usivurugwe. Wapo wanaonoa pande zote mbili sawasawa na kukata kona vizuri tu, na sina hakika kwamba hoja yangu ndiyo inayonisaidia, wala si ukali wa ukingo peke yake.

Hesabu yangu pia inachukulia maji yaliyotulia. Kwenye kona iliyovurugwa na boti zilizotangulia, sehemu ya pezi inayozama hubadilika kila nukta, na hewa hufyonzwa kutoka juu kufuata uso wa kulia, wenye shinikizo dogo, hadi mshiko unakatika ghafla. Hapo, nakiri, wapenzi wa pezi kubwa wana hoja, kwa kuwa kina zaidi huichelewesha hewa kufika kwenye ncha. Lakini dalili yake ni boti nzima kuteleza nje ikiwa bapa. Sponsoni kuinuka ni jambo jingine. Ukiiona boti ikiteleza bapa hivyo, ongeza kina kwa milimita 5, kisha pima mwinamo upya, kwa sababu umekwisha kuurefusha wenzo.