Shirikishi si kukabidhiwa jembe

Kila ikikaribia Aprili Mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, mabango yanatoka na maneno yaleyale: upandaji miti shirikishi. Wakazi wanaitwa, majembe yanagawiwa, mgeni rasmi anashika mche, picha zinapigwa. Saa sita mchana kila mtu keshaondoka. Mwaka huu nimelisoma neno hilo mara nyingi kupita kiasi.

Maana yake haina ugumu. Upandaji miti shirikishi mjini ni halmashauri na wakazi kupanda miti kandokando ya mitaa kwa makubaliano yanayosema mti ni wa nani, nani anaumwagilia, nani anaupogolea, na nani lazima aulizwe siku unapotakiwa kukatwa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Basi.

Kinachonikera ni kwamba hapa Tanzania neno shirikishi halikuokotwa. Lina asili yake, tena ya misituni. Pale Babati kuna msitu wa miombo unaoitwa Duru-Haitemba. Serikali ilikusudia kuutwaa uwe hifadhi yake, na wanavijiji, waliojua fika kwamba wangefungiwa nje, wakagoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikakubalika vijiji vyenyewe viushike. Kila kijiji kikawa na eneo lake, kikatunga sheria ndogo, kikaweka walinzi wake. Mgori, upande wa Singida, mambo yakaenda hivyohivyo. Mafunzo ya huko yakaingia kwenye Sera ya Misitu ya 1998, kisha Sheria ya Misitu ya 2002, kwa jina la usimamizi shirikishi wa misitu. Utaratibu huo una sura mbili: msitu ambao kijiji ndicho chenye mali, na msitu wa serikali ambao kijiji kinausimamia pamoja nayo kwa mkataba. Hata hiyo sura ya pili, ambayo ni ya chini, ina karatasi iliyosainiwa. Hakuna mahali neno hili lilipomaanisha "njooni mtuchimbie mashimo".

Na mtaani tunalielewa vizuri tukitaka. Ulinzi shirikishi kila mtu anaujua: mchango ni kiasi gani, vijana gani wanalinda usiku, mambo yakiharibika unamfuata nani. Mwenyekiti wa mtaa akikuitia ulinzi shirikishi wa asubuhi moja, wenye fulana na picha, utamcheka.

Mti wa mtaani, kwa kweli, unahitaji makubaliano kuliko hata msitu. Mahali unaposimama ni hifadhi ya barabara, na hifadhi hiyo ina mwenyewe: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa yetu nyingi chini ya TARURA. Juu kuna nyaya za umeme, chini kuna bomba la maji. Mkazi akipanda peke yake, anaweza kuulea mwarobaini miaka kumi, siku moja akaamka akakuta kisiki. Halmashauri nayo ikipanda peke yake, mche unaangukia mbele ya duka la mtu, unaanza kuficha kibao chake, na haufiki Krismasi.

Tena mche wa sherehe huwa unajieleza wenyewe. Ufukunyue kidogo pale chini. Mara nyingi utakuta kiriba bado kimo, plastiki nyeusi imezunguka mizizi, kwa sababu aliyepewa kuupanda hakuambiwa akichane na wala hakutegemea kurudi. Masika yanaufichia aibu. Ikifika Agosti umekauka, na zile fito zilizouzunguka zimeshakuwa kuni.

Wanaolea miti ya Dar es Salaam kwelikweli ni vijiwe vya bodaboda. Wanahitaji kivuli kila siku, kwa hiyo mkungu wao, ule mti wa kivuli wa majani mapana, hauachwi ukauke juani: dumu la maji lipo, mbuzi anafukuzwa, matawi yanayogusa vichwa yanapunguzwa. Sijawahi kusikia wameitwa kwenye kikao chochote.

Wapo waliolipotosha jambo hili kwa namna nyingine. San Francisco, kule Marekani, sehemu kubwa ya miti ya mitaani ilikuwa mzigo wa mwenye nyumba, na kuanzia 2011 jiji likazidi kuwasukumia mingine kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mizizi ikiinua njia ya waenda kwa miguu, gharama ni zako. Mwaka 2016 wapiga kura wakakataa, na tangu Julai 2017 jiji ndilo linalotunza miti hiyo, zaidi ya 120,000, na njia ilizoziharibu. Wakazi wa kule bado wanapanda na majirani zao, kama walivyofanya tangu 1981 kupitia chama chao, Friends of the Urban Forest. Kilichobadilika ni nani analipa fundi wa kupogolea.

Freetown, Sierra Leone, wamekwenda mbali zaidi. Baada ya maporomoko ya udongo ya Agosti 2017 yaliyoua watu zaidi ya 1,000, jiji likaanza mwaka 2020 mpango wa miti milioni moja. Kila mche una namba yake. Mkazi anayeulea anaurudia na simu, anaupiga picha, na malipo yake yanafuata mti kuwa hai.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa halmashauri na asasi, shughuli ikiwa ni ya asubuhi moja, iandikeni tu "zoezi la kupanda miti". Si jina baya, na watu watakuja vilevile. Shirikishi iwekeni kwenye bango siku kijiwe kitakapopewa karatasi yenye muhuri wa mtendaji, inayosema mkungu ule haukatwi kabla wao hawajaitwa.