Usifute Programu Kwanza: Tunavyomhudumia Anayefuatiliwa kwa Simu Nyumbani

Wanaofika kwenye dawati letu wakilalamika kwamba mwenza anajua kila wanapokwenda wamezidi kuongezeka, na wengi wao huja na ombi moja tu: wafutiwe programu ya upelelezi. Mhudumu hatalitekeleza siku hiyohiyo, nasi tunaomba asilaumiwe. Programu ikikatika ghafla, aliyeiweka hutambua kwamba amegundulika, na mtu aliyezoea kumdhibiti mwenziwe huweza kuwa hatari zaidi anapoona anaponyokwa.

Kwa sababu hiyo, maswali ya kwanza hayahusu simu. Mhudumu huuliza unaishi na nani, kifaa ulinunuliwa na nani, nani alikifungulia akaunti, na itakuwaje nyumbani neno la siri likibadilika. Kwa mazungumzo hayo ni vyema simu iachwe mahali inapokuwa kila siku saa hizo, na tuwasiliane kwa kifaa ambacho mtuhumiwa hajawahi kukishika. Kuizima hakutoshi, maana simu kuzimika mchana nako ni habari kwa anayeitazama.

Mara nyingi, tukishakagua, hatukuti upelelezi wa ajabu. Mama mmoja alibadilisha laini na simu, na bado mumewe akawa anamtangulia kila alikokwenda. Kilichokuwa kikifichua alipo ni kishikwambi cha mtoto ndani ya begi la shule, kilichofunguliwa kwa akaunti ya baba. Ndiyo maana tunapitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti, pamoja na namba na barua pepe za kurejesha akaunti, ambazo wengi hawakumbuki waliandika za nani. Tangu Mei 2024, simu za iPhone na za Android zilizosasishwa zinaweza kumwonya mwenyewe kwamba kifuatiliaji (kifaa kidogo kinachomwonyesha mwenye nacho mahali kilipo) kisicho chake kinasafiri naye. Ukikipata usikitupe: kina namba ya utambulisho inayoweza kuwasaidia polisi kumjua aliyekisajili.

Kuhusu ushahidi, tunarudia yaleyale kila siku. Picha ya skrini ionyeshe namba au jina la akaunti, tarehe na saa, wala isikatwe pembeni. Ujumbe wa asili ubaki kwenye simu, kwa kuwa uliosambazwa hupoteza taarifa zake. Nakala isihifadhiwe kwenye akaunti ambayo mwenza anaisoma. Na matukio yaandikwe kwa tarehe, saa na majina ya walioshuhudia. Palipo na amri ya mahakama ya kuzuia mawasiliano, ujumbe uliotumwa kwa akaunti mpya au kupitia rafiki unaweza kuwa ukiukaji wa amri hiyo, kulingana na masharti yake, kwa hiyo nao uhifadhiwe, hata ukiwa wa kuomba radhi.

Majirani hushauri simu ivunjwe. Anayeshauri hivyo hatakuwepo usiku huo, na ushahidi pia hautakuwepo. Wapo pia wanaosema asiye na cha kuficha ampe mwenza neno la siri, kana kwamba ndoa hufuta haki ya mtu kusoma barua zake peke yake.

Mpango wa usalama ukikamilika, hubadilishwa kwanza neno la siri la barua pepe, kwa kifaa salama, kisha vifaa vingine vyote hutolewa kwenye akaunti na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudaiwa uthibitisho wa pili juu ya neno la siri, huwashwa. Siku ya kufanya hivyo huchaguliwa na manusura mwenyewe, hata kama mhudumu angependa iwe leo.