Kuhesabiwa haki maana yake nini?

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, hapa Kisumu, kuna neno moja la Warumi sura ya 3 linalotukwamisha kila tunapolifikia. Kuhesabiwa haki. Tunalisoma kwa sauti, wahubiri wanalitaja kana kwamba kila mtu analijua, lakini waulize watu watatu waliokalia benchi moja walieleze kwa maneno yao, utapata majibu matatu. Nataka kulieleza polepole, kwa sababu nimeona watu wakiumia kwa kutolielewa.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe, haki. Katika mazungumzo yetu ya kila siku haki ni kile unachostahili kupewa: haki ya mtoto kusoma, haki ya mjane kubaki kwenye shamba la marehemu mumewe, haki ambayo vijana wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, wameiimba barabarani mara nyingi. Tena ni kile tunachotarajia hakimu atende. Lakini ndani ya Biblia neno hilohilo limebeba mzigo mwingine: hali ya mtu aliye sawa mbele za Mungu, ambaye sheria ya Mungu haina neno la kumshitaki. Kwa hiyo ukimwambia mtu amehesabiwa haki, anaweza kufikiri amerudishiwa haki zake. Sivyo. Ameambiwa kwamba Mungu amemtaja kuwa yu sawa. Biblia Habari Njema hutumia neno mwadilifu mahali hapo, nalo linasaidia, ila wengi wetu tumelelewa na ile Biblia ya Union ya 1952 na maneno yake ndiyo yanayotujia tukiomba usiku.

Mtume Paulo, mwandishi wa Warumi, aliandika kwa Kigiriki, na hapa alikuwa na maneno mawili mkononi. La kwanza ni la mahakamani, hakimu anapotamka kuwa mshitakiwa hana hatia. Hakimu akitamka hivyo hajambadilisha mtu tabia. Ametangaza anasimama wapi mbele ya sheria. La pili ni la watu wa biashara: kuandika kitu kwenye hesabu ya mtu. Hilo la pili limerudiwa mara 11 katika Warumi 4 peke yake. Watafsiri wa Kiswahili wakayaunga, hesabu na haki, na mimi nadhani walitutendea wema mkubwa, maana mtu yeyote aliyewahi kushika daftari anaweza kuliona jambo lenyewe kwa macho.

"Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki." Ndivyo Paulo anavyonukuu Mwanzo 15:6. Tazama inatokea wapi. Sura ya 15. Tohara inaagizwa sura ya 17, na Torati ya Musa bado sana. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, anasema Torati ilikuja miaka 430 baadaye. Ibrahimu aliandikiwa haki kabla hajawa na amri hata moja ya Sinai ya kushika.

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, kwa hiyo nitaeleza kwa daftari. Kila mwanachama anatoa shilingi 200 kwa wiki. Ukikosa, faini ni 50, na ukikosa wiki nne mfululizo katiba yetu inakunyima kura na mkopo mpaka ulipe yote. Wakati fulani mwenzetu mmoja aliugua, akalazwa, akapitisha wiki sita bila kutoa chochote. Ukurasa wake ulikuwa na nafasi sita tupu, na mimi nilikuwa nimeshazizungushia kalamu nyekundu. Siku moja mkutano ulipokwisha, mama mmoja mzee akabaki nyuma, akafungua fundo la leso, akanihesabia shilingi 1,500. Michango sita na faini sita. Nikashika kalamu niandike jina lake. Akaniwekea mkono juu ya daftari.

"Nyathina," yaani mwanangu, "usiandike jina langu. Andika lake."

Nikaandika. Yule mwenzetu aliporudi, amekonda, anatembea ameshika ukuta, alikuja moja kwa moja mezani kwangu na kuomba daftari kabla hata hajaketi. Akafuata mstari wake kwa kidole, wiki baada ya wiki, akitafuta pale alipokosa. Hakupaona. Alirudia tena tangu mwanzo. Siku hiyohiyo alipiga kura, na kama angetaka mkopo angeupata.

Kuna mambo mawili hapo ambayo mahubiri mengi huyaruka. Katiba haikuguswa. Hakuna aliyesimama kusema tumwonee huruma tu. Kila faini ililipwa hadi shilingi ya mwisho. Ndiyo maana Paulo anaweza kusema, mwisho wa Warumi 3, kwamba imani haiibatilishi sheria. La pili ni kwamba kusamehewa deni peke yake kunakufikisha kwenye sifuri. Mtu asiyedaiwa si lazima awe mwanachama. Huyu hakuachwa kwenye sifuri: aliketi kama mtu aliyetoa kila wiki, na sauti yake ikawa sawa na sauti ya mwenyekiti. Kuhesabiwa haki ndiko huko, kusamehewa na tena kuandikiwa utii wa mwingine, yaani Kristo, kana kwamba ni wako.

Mfano wangu unachechemea mahali pamoja. Mwenzetu alikuwa mgonjwa, hakuwa mkaidi. Lakini Warumi 4:5 inamsema Mungu kuwa "amhesabia haki asiyekuwa mtauwa". Mtauwa ni mcha Mungu; asiye mtauwa ni kama mtu ambaye angeweza kutoa na akakataa, au aliyekula pesa za chama. Hapo ndipo hata sisi tunaoipenda injili tunapoanza kunung'unika, na nafikiri asiyewahi kunung'unika hapo hajasoma vizuri.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kwetu Wajaluo, upande wa ziwa, tulikuwa na sheria kabla Biblia haijafika. Kulikuwa na kwer, yale yaliyokatazwa, na kulikuwa na chira, kule kunyong'onyea kunakomfuata aliyevunja, kunakoweza kumwangukia yeye au mtoto wake. Mdogo hajengi kabla ya kaka yake. Mwenye boma ndiye wa kwanza kupanda. Sidharau, utaratibu ule ulishikilia maboma yetu kwa vizazi. Ninachosema ni kwamba Torati ilipokuja tuliipokea kwa mikono ileile. Tulizigeuza amri za Mungu kuwa kwer nyingine, na dhambi kuwa njia nyingine ya kupata chira. Niliwahi kukesha wodini kando ya mama ambaye mtoto wake alikuwa na homa kali. Ni mama aliyeokoka, anajua zaburi nyingi kwa moyo. Usiku kucha hakuomba. Alikuwa akihesabu kwa vidole miezi ambayo hakutoa fungu la kumi, kisha anaanza upya, kana kwamba amesahau mmoja na huo mmoja ndio uliompandisha mtoto homa. Nilimsomea Warumi 8:1, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Aliniambia analijua. Vidole viliendelea.

Huyo mama hakukosa imani. Alikosa mtu wa kumweleza kwamba hukumu imeshatolewa, na kesi hairudishwi mahakamani kila mtoto anapougua.

Wakristo wenyewe wamegombana sana juu ya neno hili. Lilikuwa katikati ya ugomvi wa Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, na Kanisa Katoliki la Roma ulioanza 1517, naye Luther alishikilia kwamba haki ya Kristo inahesabiwa kwa mwenye dhambi kwa imani tu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547 kwamba Mungu anapomhesabia mtu haki anamfanya upya pia ndani, na upendo unamiminwa moyoni mwake. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuwa katika mambo ya msingi wanakubaliana: ni kwa neema tu, wala si kwa stahili yetu. Tofauti nyingine zimebaki. Kisumu hii, ambako nyumba moja inaweza kuwa na Mkatoliki, Mwanglikana na mtu wa Roho, kanisa lililoanzia kwetu Wajaluo, ni vizuri kujua kwamba jambo hilo limezungumzwa mezani.

Na Yakobo je? Anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Nami nasoma hivi: Paulo anajibu swali la namna jina linavyoingia daftarini, Yakobo anajibu swali la namna utakavyomtambua mwanachama wa kweli. Mwenzetu yule alitoa mchango wake kila wiki tangu alipopona, na hakutoa ili aandikwe. Alikuwa ameshaandikwa.

Sasa vita vyenyewe, vya ndani ya mtu aliyekwisha kuandikiwa haki. Kuhesabiwa haki ni tamko la mara moja. Kutakaswa, yaani kubadilishwa tabia kidogo kidogo, ni safari, na safari hiyo ina matope. "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Ni Paulo huyo, Warumi 7:19. Wasomaji wamebishana kama anajisema kabla ya kuamini au baada. Agostino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alibadili mawazo, akaishia kusema ni baada. Mimi naishi katika mstari huo, kwa hiyo naegemea kwake.

Nauza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, na siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili. Wateja wanatoka mbali, na mauzo ya siku hiyo ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Meza inayofuata ni ya dada Msabato. Wasabato, au Waadventista, wako upande huu tangu 1906 walipofika Gendia, naye ni wa kizazi cha tatu. Ijumaa jua likitua anafunika mali yake kwa turubai, na Jumamosi mimi namlindia; kulinda tu, haniruhusu niuze hata pea moja. Jumapili asubuhi yeye ananishikia yangu mpaka nitoke ibada. Wahubiri wa pande zote mbili wametupa maneno ya kurushiana, sheria huku, uasi kule. Hatujayatumia. Warumi 14:5 inasema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, na yeye amethibitika kuliko mimi.

Maana kuna Jumapili nilifungua mzigo mpya saa moja asubuhi, nikajiambia nitaingia ibada ya pili, na ibada ya pili ikapita nimeshika raba za watoto nikibishania shilingi 30. Nikafanya hivyo wiki tatu. Wiki ya nne ilikuwa ya Meza ya Bwana, na sauti iliyokuwa ndani yangu haikuniambia nikauze. Iliniambia nikae mbali na meza ile mpaka nijirekebishe, nihudhurie kwanza Jumapili tatu za kufidia zile, ndipo nisogee. Ilisikika kama sauti ya uchaji. Nilichukua muda kuitambua: ilikuwa inaniambia nilipe faini yangu mwenyewe.

Nilikwenda hivyo nilivyo, vumbi la soko likiwa bado kwenye viatu, nikapiga magoti na akina mama wenzangu na kupokea mkate. Saa tano nilirudi Kibuye. Dada alikuwa ameniuzia pea nne, pesa ameziweka kikoponi, na kwenye kipande cha boksi ameandika bei ya kila moja.