Nzi hakuoni mara elfu

Nyuki wakianza kuzunguka zabibu sokoni hapa Dodoma, au nzi akitua mezani, hakosi mtu wa kutueleza kwamba mdudu ana macho maelfu, hivyo anakuona maelfu kwa wakati mmoja. Nimelisikia hata darasani, tena kwa sauti ya uhakika. Si kweli, na ukweli wenyewe unavutia zaidi.

Kwa ufupi: mwili wa mdudu ni kichwa, kifua na tumbo. Miguu 6 hutoka kifuani, na mabawa kwa walio nayo. Vipapasio na macho viko kichwani. Macho makubwa ni mawili tu. Kila moja limejengwa kwa vijicho vilivyobanana, viitwavyo omatidia. Nyuki kibarua ana kama 5,000 kwa kila jicho, na kereng'ende wengine hukaribia 30,000.

Kosa hili ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 17 Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alichukua utando wa nje wa jicho la mdudu, akauweka kwenye hadubini yake na kutazama mnara wa kanisa kupitia humo. Akaona vinara vingi vidogo, vyote vimepinduka. Alichokiona kilikuwepo kweli. Ila zile zilikuwa lenzi tupu, zimeng'olewa kutoka kwenye seli zilizokuwa nyuma yake, na hizo seli ndizo zinazoona.

Nyuma ya kila lenzi ya nyuki kuna kifungu cha seli zinazopokea mwanga kwa pamoja. Hazisomi kapicha kale. Zinatoa habari ya nukta moja tu: upande huu kuna mwanga kiasi gani, na rangi gani. Johannes Müller wa Ujerumani alilieleza jambo hili mwaka 1826: nukta zote zikikusanyika, mdudu anapata picha moja. Ukitazama mkanda wa shanga wa Kigogo, kila ushanga una rangi yake moja, na hakuna hata mmoja uliobeba pambo zima. Kwa nzi mishipa ya fahamu imeunganishwa kwa namna nyingine, lakini picha inabaki moja.

Picha yenyewe ina ukungu. Nyuki hawezi kuona vitu vidogo kwa mbali kama sisi. Nzi naye anafidia kwa kuona karibu pande zote, na kwa kasi: taa ikimemeteka mara 200 kwa sekunde, sisi tunaona mwanga uliotulia, yeye bado anaona inawaka na kuzima. Ndiyo maana kofi lako linamkosa.

Basi unapomchorea mtoto kile anachokiona nzi, mchoree mkono mmoja, mkubwa, usioonyesha kucha. Na ukichora kichwa cha nyuki, usiyasahau macho madogo matatu ya utosini. Hayo hupima mwanga wa anga na kumsaidia kuruka bila kuyumba.