Kushuhudia maana yake nini?

Mtu akisema "jana tulitoka kushuhudia", wengi huelewa kwamba alikwenda kuhubiri. Sivyo hasa. Neno lenyewe ni la mahakamani. Shahidi ni aliyeona au kusikia mwenyewe. Akianza na "niliambiwa na jirani", atakatizwa. Kujenga hoja ni kazi ya wakili, kuamua ni kazi ya hakimu.

Ndilo neno la Yesu katika Matendo ya Mitume 1:8: "nanyi mtakuwa mashahidi wangu". Kabla ya hapo amewaahidi nguvu ya Roho Mtakatifu, na safari yao inaanzia Yerusalemu, mji ambao watu wake walishaona Petro alivyo mwoga.

Kwa hiyo kinachotangulia si kipaza sauti wala cheti cha chuo cha Biblia. Ni kuwa na la kusimulia. Kipofu wa Yohana 9, aliyeponywa na Yesu, alipobanwa na Mafarisayo kama Yesu ni mwenye dhambi, alikiri kuwa hajui. Alichojua ni kimoja: alikuwa kipofu, sasa anaona. Wakamfukuza, lakini hawakumjibu.

Kiyunani humwita shahidi *martys*. Kwa kuwa wengi waliuawa wakishikilia waliyoyasema, neno hilo likaja kumaanisha pia mfiadini. Ndiyo maana vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, tunawaita Mashahidi wa Uganda.

Afrika Mashariki neno hili lilipata uzito mwingine miaka ya 1930, uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho walisimama mbele ya wenzao, wakataja dhambi zao waziwazi, kisha wakaenda kurudisha mali walizoiba. Kurudisha kule, nadhani, kuliwafikia watu ambao hawangekanyaga kanisani.

Siku hizi ushuhuda mwingi umekuwa hadithi ya pombe: dakika kumi za baa, nusu dakika ya Yesu. Na kuna anayepanda daladala asubuhi akawakemea abiria kana kwamba wote ni washtakiwa. Petro, katika waraka wake wa kwanza, 3:15, anataka tuwe tayari kumjibu *anayeuliza*, tena kwa upole. Sasa nani atauliza, kama hajaona kitu cha kumshangaza?

Ushuhuda mfupi kuliko wote niliousikia ulitolewa na mama mmoja muuza maharage. "Bwana Yesu asifiwe! Kopo langu la kupimia lilikuwa limebonyezwa kitako. Nimelitupa. Wateja wangu wengine wako humu ndani, waulizeni." Akakaa. Nyuma yangu mtu akacheka, akasema, "Kweli, wiki hii yamezidi."