Mgongo Ukiuma, Kitanda Si Dawa

Mzazi anayeshinda kazini na jioni kubeba mtoto, mgongo ukimkamata huambiwa jambo lilelile: lala, usijitikise mpaka upone. Ushauri huu una huruma, ila umepitwa na wakati.

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na mfupa kuvunjika wala pingili za uti wa mgongo kuhama. Mara nyingi hakuna hitilafu moja ya kuonyesha kidole, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache. Ukilala siku nyingi, misuli inalegea, mgongo unakakamaa, na siku ya kuinuka unajuta. Kupumzika siku moja mbili si vibaya. Baada ya hapo tembea, hata kama ni kuzunguka chumbani, na urudie shughuli zako taratibu bila kungoja maumivu yaishe kabisa.

Mtoto naye asilaumiwe peke yake. Tazama anavyotolewa kitandani: mzazi kainama, mikono kainyoosha mbali, kisha anazungusha kiuno uzito ukiwa hewani. Ni afadhali umvute kwanza hadi kifuani, ukunje magoti, halafu ugeuke kwa miguu. Kukaa kwenye kiti kutwa nzima (hili wengi hawalihesabu), usingizi wa kukatikakatika na msongo wa mawazo navyo huchochea maumivu.

Lakini mkojo ukikushinda kuzuia, sehemu za siri zikifa ganzi au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo.