Je, wajua kwa nini wimbo wa pili hujianzisha wenyewe katikati ya onyesho?

Mama aliyefiwa amepiga magoti katikati ya jukwaa. Wimbo wa maombolezo umefika mwisho, taa zimefifia, ukumbi umetulia tuli kungoja neno lake la kwanza. Anavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, spika zinalipuka kwa muziki wa dansi: ule wa harusi ya sehemu ya tatu, ambao zamu yake ilikuwa bado nusu saa. Watu wanaangua kicheko. Kule nyuma fundi wa sauti anairukia kompyuta, anasaka mshale wa kipanya kwenye skrini, haoni.

Kisa hiki huwapata watu wa maigizo, wa mahafali, wa harusi na wa mikutano, na karibu kila mara lawama humwangukia fundi: alisinzia, alikuwa kwenye simu. Au humwangukia kirusi cha kompyuta, maskini, hata kama hakuwepo. Mimi nimewahi kukalia kiti hicho na kusemwa hivyo hivyo, kwa hiyo nasema nikiwa na upande wangu: kompyuta haikukosea hata kidogo. Wimbo uliisha, ikaleta unaofuata. Ndivyo ilivyoundwa.

Programu za kuchezea muziki na video zilitengenezwa kwa ajili ya msikilizaji aliyejipumzikia. Winamp, iliyotoka mwaka 1997, iliwapa watu orodha ya nyimbo inayojiendesha yenyewe. VLC, ambayo chimbuko lake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, hufungua faili la karibu aina yoyote unalolitupia. Kwa mtu anayeosha vyombo huku anasikiliza muziki, kimya cha ghafla ni kero. Atalazimika kukausha mikono aje kubonyeza. Ndiyo maana programu hizi hukimbilia wimbo unaofuata, na nyingine hupandisha mwanzo wa wimbo mmoja juu ya mwisho wa mwingine ili pasibaki hata ufa.

Jukwaani mambo ni kinyume. Ukimya umo ndani ya mchezo kama maneno yalivyomo, na hakuna ajuaye utadumu muda gani. Mwigizaji leo atanyamaza sekunde mbili, kesho tano, kwa sababu watazamaji wamecheka na anawangoja watulie. Bibi harusi anaweza kutembea polepole kuliko alivyotembea kwenye mazoezi. Kwa hiyo programu ya kuendeshea onyesho hupimwa kwanza kwa namna inavyosubiri, ndipo kwa namna inavyocheza.

Wazee wa fani walilijua hili kabla ya kompyuta. Enzi za utepe wa sumaku, fundi alikata kwa wembe kila sauti atakayoihitaji, akaviunganisha vipande kwa mpangilio wa mchezo, na kati ya sauti na sauti akabandika kipande cha utepe mtupu wa rangi, usioweza kurekodi chochote. Wakati wa onyesho macho yake yalikuwa hapo: rangi ikitokeza, anasimamisha mashine na kukaa mkao wa kungoja sauti inayofuata. Baadhi ya mashine zilikuwa na kijitaa upande mmoja wa utepe na jicho la kuhisi mwanga upande wa pili; kipande cha utepe angavu kilipopita, mwanga ulipenya na mashine ikasimama yenyewe. Yaani ukimya ulikuwa kitu cha kushikika mkononi, chenye urefu wake na gundi yake. Baadaye Sony walileta MiniDisc, mwaka 1992. Ilikusudiwa mtu anayetembea na muziki mfukoni, lakini mafundi wa maigizo waliipenda kwa sababu nyingine kabisa: mashine zake nyingi ziliweza kusimama kila wimbo ulipokwisha, zikajipanga mwanzoni mwa unaofuata na kutulia hapo hadi ziguswe.

Programu za leo zimerithi mtindo huo. QLab, ya kampuni ya Figure 53 ya Baltimore, Marekani, huendeshwa kwenye kompyuta za Mac tu na imeenea sana kwenye kumbi za maigizo. Wenye kompyuta za mfumo wa Linux wana Linux Show Player, ambayo ni ya bure. Ukizifungua huoni majalada ya albamu wala picha ya msanii. Unaona orodha ya ishara, yaani amri za kuanzisha au kuondoa sauti na picha, zenye namba, na mahali pakubwa pa kubonyeza ili ishara iliyo zamuni iende.

Tuitazame ishara moja kwa karibu. Kwenye karatasi ya fundi imeandikwa: ishara ya 14, binti akiketi kitandani. Ndani ya programu ishara hiyo ina mistari mitatu. Mvua inaanza kusikika taratibu kwa sekunde nne. Sekunde mbili baada ya hapo, radi. Radi ikiisha, mvua inashuka kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ndani ya sekunde sita ili mazungumzo yasikike. Msimamizi wa jukwaa anasema kwenye visikizio, "Kumi na nne, kaa tayari," binti anaketi, msimamizi anasema, "Nenda," na fundi anabonyeza mara moja tu. Yote matatu yanajiendesha. Mvua itajirudia na kujirudia hadi ishara ya 15, na ishara ya 15 haina sauti yoyote ndani yake: kazi yake ni kuiondoa mvua.

Kule kushuka kwa sauti nako kuna ujanja. Jaribu kushusha sauti kwa kuvuta kitelezi cha programu ya kawaida kwa mwendo uleule kutoka juu hadi chini. Mara nyingi utasikia kama hakuna kinachopungua, halafu mwishoni sauti inatumbukia shimoni. Sikio halipimi sauti kwa hesabu ya kutoa. Linapima kwa uwiano. Kimo cha wimbi kikipunguzwa nusu, tofauti ni desibeli sita tu, na sikio linahitaji takriban desibeli kumi ndipo likiri kwamba sauti imepungua nusu. Programu za maonyesho huchora mteremko unaofuata sikio. Mtazamaji hatautambua, ila angelitambua kosa lake.

Halafu lipo suala la kuchelewa. Ukibonyeza nyumbani na wimbo ukaanza nusu sekunde baadaye, nani ana habari? Jukwaani, bastola ya bandia ikinyanyuliwa na mlio ukaja nusu sekunde baadaye, ni vichekesho. Programu ya onyesho hupakia mapema faili la ishara iliyo zamuni, ili mbonyezo usianze kulitafuta kwenye diski. Kinachobaki ni akiba ndogo ambayo kadi ya sauti hujiwekea ili isikatikekatike: kwa mfano sampuli 512 (vipimo vidogo vidogo vya sauti) katika mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, ambazo ni kama milisekunde 11. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani, kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na mtazamaji kusogeza kiti chake mita tatu na nusu hivi mbali na spika. Hakuna atakayelalamika.

Faili lenyewe nalo linaweza kukuponza. MP3 hufunga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, na katika kufunga huko kipande kidogo cha kimya huongezwa mwanzoni na mwishoni. Kwa wimbo hakina neno. Kwa mvua inayojirudia, utasikia kigugumizi kila inapozunguka, na ukishakisikia mara moja huwezi tena kusikia mvua. Dawa yake ni faili la WAV au AIFF, lisilobanwa.

Video ni balaa zaidi. Video nyingi tunazopakua zimebanwa kwa H.264, mbinu ya kupunguza ukubwa wa faili la video, ambayo huweka picha kamili mara moja moja tu. Picha zinazofuata huandikwa kama mabadiliko juu ya zilizotangulia. Kati ya picha kamili moja na nyingine panaweza kuwa na fremu (picha moja moja) hata 250, ambazo kwa fremu 25 kwa sekunde ni sekunde kumi. Ukiiambia kompyuta irukie katikati, lazima irudi kwenye picha kamili iliyo nyuma na kujenga upya zote zinazofuata. Ndiyo ile skrini inayoganda kidogo kabla ya kwenda. Watu wa jukwaani hupenda miundo kama ProRes au HAP, ambamo kila fremu inajitegemea. Faili linanenepa mno, lakini linaitika likiitwa. Tena programu ya maonyesho, video ikiisha, huacha projekta ikionyesha weusi mtupu. VLC isiporekebishwa huandika jina la faili juu ya picha mwanzoni, na mwishoni inatuonyesha ile koni yake ya barabarani. Nimeshaona koni hiyo ikisimama nyuma ya msemaji mkuu kwa dakika nzima, naye hajui watu wanacheka nini.

Kwenye muziki wa bendi tatizo hubadilika sura. Hapo kinachotafutwa ni kwenda pamoja. Programu ya Ableton Live, iliyozaliwa Berlin na kutoka mwaka 2001, hutumiwa na wanamuziki wengi kupeleka sauti za ziada, kama vinanda na waitikiaji ambao hawapo jukwaani. Mpiga ngoma husikia sikioni mdundo wa kuhesabia ambao ukumbi hausikii. Hata kompyuta ndogo yenye njia mbili tu huweza kufanya hivyo: muziki upande wa kushoto, mdundo upande wa kulia, na kila upande ukaenda kwenye waya wake. Taa na video nazo hufuata saa ya pamoja inayotumwa kama namba za saa, dakika, sekunde na fremu. Ikiingizwa kwenye spika kwa bahati mbaya, saa hiyo hulia kama nyuki aliyekasirika.

Hapa ndipo aibu mbili maarufu zilipotokea. Julai 1989, huko Bristol, Connecticut, Marekani, wawili wa kundi la muziki la Milli Vanilli walikuwa wakicheza na kuigiza kuimba pale sauti iliyorekodiwa iliponasa na kurudia kipande kilekile cha mstari bila kukoma. Mmoja wao akatoka jukwaani mbio. Na tarehe 23 Oktoba 2004, katika Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, mwimbaji Ashlee Simpson alikuja kuimba mara ya pili usiku huo, na sauti yake ya wimbo ambao alikwisha kuuimba ikaanza kusikika akiwa hajainua kipaza sauti mdomoni. Akacheza kidogo, akaondoka. Matukio haya husimuliwa pamoja kama habari ya watu wanaodanganya kuimba, lakini kwa macho ya fundi hayafanani. La kwanza ni chombo kilichokwama. La pili ni chombo kilichotii: kiliambiwa kicheze, kikacheza, kilichokosewa ni wimbo.

Kwa lile la kwanza, maonyesho makubwa huweka kompyuta mbili zinazoenda sambamba. Ile kuu, pamoja na muziki, hutoa mlio mmoja mfululizo kwenye njia ya pembeni isiyofika ukumbini. Kifaa cha kati husikiliza mlio huo tu. Ukikatika, hubadilisha papo hapo na kuchukua sauti ya kompyuta ya pili. Kwa lile la pili hakuna kifaa. Ipo orodha iliyoandikwa vizuri, na ipo njia ya kutokea: kwenye QLab ukibonyeza Esc mara moja kila kitu kinafifia kwa heshima, ukibonyeza mara mbili kinakatika hapohapo.

Na kama huna programu hizi, una kompyuta na kichezaji chako cha kawaida, na onyesho ni kesho? Inawezekana. Kwenye mipangilio ya VLC lipo chaguo la kucheza faili moja kisha kusimama, na jingine la kuzuia jina la faili lisitokee kwenye picha. Yatafute yote mawili leo, usingoje kesho. Kama kichezaji chako hakina chaguo hilo, iga wazee: tengeneza faili la kimya la dakika kumi na uliweke kati ya kila wimbo na mwenzake. Zima arifa, zima intaneti, izuie kompyuta isisinzie, chomeka chaja na uhakikishe umeme unafika. Ukitumia simu, iweke kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi yako atapiga katikati ya dua na ukumbi mzima utasikia. Na kabla ya kuchomoa jeki, shusha kwanza sauti kwenye mikisa.

Jambo moja huwanasa hata wenye programu za gharama. Kitufe kile kirefu cha chini kwenye kibodi, ambacho wengi hukitumia kurushia ishara, hufanya kazi kwa dirisha lililo mbele tu. Fundi akifungua kidogo daftari la kompyuta kuandika "mvua ilikuwa juu mno" halafu akasahau kurudi, ishara ya 15 itaitwa, atabonyeza, na kitakachotokea ni nafasi moja tupu baada ya neno "mno". Mvua itaendelea kunyesha. Ndiyo maana wengine huchomeka kitufe cha pembeni kinachozungumza na programu moja kwa moja, na maelezo yao huyaandika kwa penseli.